Mlio Unaomwonya Rubani Kabla Mabawa Hayajaishiwa Nguvu

Asubuhi, kabla ya ndege ndogo aina ya Cessna 172 kuruka, rubani huizunguka akiikagua tangu pua hadi mkia. Hupima mafuta, hutazama magurudumu, hujaribu bawaba za mkia kwa mkono. Akifika kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto, hufanya jambo ambalo humchekesha asiyelijua. Hutoa leso safi mfukoni, huitandaza juu ya kitundu kidogo kilichomo katika ukingo wa bawa, kisha huweka mdomo hapo na kuvuta hewa kwa nguvu. Mara mlio mwembamba, kama wa kinanda cha mdomo, husikika kutoka katika chumba cha rubani. Hapo huridhika, akaikunja leso yake na kuendelea na ukaguzi.

Rubani huyo hachezi. Amejaribu chombo ambacho kazi yake ni moja tu: kumwambia, akiwa angani, kwamba mabawa yamekaribia kuacha kuibeba ndege. Chombo hicho hakihitaji waya wala betri. Katika ndege kubwa za abiria na za jeshi kazi hiyo hiyo hufanywa na mitambo ya thamani kubwa. Lakini ama kiwe kidogo ama kikubwa, chombo cha kuonya hakimfai mtu isipokuwa yatimie mambo matatu: onyo liwe la kweli, liheshimiwe, na lieleweke. Historia ya safari za anga imeonyesha mara nyingi kwamba moja kati ya hayo likikosekana, watu hufa.

SI INJINI ILIYOZIMIKA

Watu wengi hudhani kwamba ndege huanguka kwa sababu injini imezimika. Sivyo sikuzote. Ndege ambayo injini yake imezimika bado yaweza kuteleza hewani kama mwewe asiyepiga mabawa, na rubani akapata nafasi ya kutafuta mahali pa kutua. Hatari inayoelezwa hapa ni nyingine kabisa. Ni hatari ya bawa lenyewe kuishiwa nguvu, hata kama injini zinanguruma kwa uwezo wake wote.

Bawa hubeba ndege kwa msaada wa hewa ipitayo juu na chini yake. Umbo la bawa, na jinsi lilivyoinuliwa kidogo upande wa mbele, huielekeza hewa chini, na papo hapo mkandamizo wa hewa juu ya bawa huwa mdogo kuliko ule wa chini. Kwa hiyo bawa husukumwa juu. Nguvu hiyo inaweza kuhisiwa na mtu yeyote aliyewahi kutoa kiganja nje ya dirisha la gari liendalo kasi. Kiganja kikilala sawa na upepo, hakuna jambo kubwa. Upande wa dole gumba ukiinuliwa kidogo, mkono hupanda wenyewe. Lakini ukizidi kuinuliwa, hufika mahali ambapo mkono haupandi tena, bali husukumwa nyuma tu.

Bawa nalo lina kikomo chake. Pembe iliyopo kati ya bawa na upepo unaolijia ikiwa ndogo, hewa hupita juu ya mgongo wa bawa kwa utulivu. Pembe hiyo ikizidi, na katika ndege nyingi ndogo ni ikifika kiasi cha digrii 15 au 16, hewa hushindwa kuufuata mgongo huo. Hubanduka na kuvurugika kama maji yaliyokutana na jiwe mtoni. Nguvu ya kuinua hupungua ghafula, na ndege huanza kudidimia. Mara nyingine bawa moja hutangulia kuishiwa nguvu kabla ya mwenzake. Hapo ndege hulalia upande na huweza kuanza kuzunguka kama pia huku ikishuka.

Hapana budi jambo moja lishikwe vizuri, maana ndilo linalowachanganya wengi: kinacholiua bawa ni pembe. Ni kweli kwamba hatari hii huonekana zaidi ndege inapokwenda polepole, kwa kuwa hapo rubani hulazimika kuinua pua zaidi ili mabawa yaendelee kubeba. Lakini hata ndege yenye kasi yaweza kupatwa. Rubani akigeuza kwa kuilaza ndege digrii 60 bila kupoteza kimo, mabawa hubeba mara mbili ya uzito wa kawaida, na kasi ambayo chini yake yataishiwa nguvu hupanda kwa asilimia 41 hivi. Ndiyo sababu marubani wa ndege za vita, ambao kugeuza kwa ghafula ni sehemu ya kazi yao, hufundishwa somo hili mapema.

Msiba huu ni mkongwe kuliko ndege zenye injini. Mwezi Agosti mwaka 1896, Mjerumani Otto Lilienthal, aliyekuwa ameruka mara nyingi kwa mabawa aliyoyatengeneza mwenyewe, alikumbwa na hali hiyo akiwa angani. Alianguka kutoka kiasi cha mita 15, akavunjika uti wa mgongo, na akafariki siku iliyofuata.

Dawa yake ni moja, nayo ni kupunguza pembe. Rubani husukuma usukani mbele ili pua ishuke. Hewa hurudi kulishika bawa, na nguvu ya kubeba hurejea. Ni jambo rahisi kulisema, lakini ni gumu kulitenda. Mtu anayeona ardhi ikimjia, mkono wake hutaka kuvuta usukani ili ndege ipande. Akivuta, huuzidisha ugonjwa. Silika ya mwanadamu humpeleka upande ulio kinyume na usalama wake, na kwa sababu hiyo onyo lapasa limfikie mapema, kabla hofu haijamtawala.

KUTOKA KIJIBATI HADI USUKANI UTETEMEKAO

Zamani rubani alitegemea hisia zake tu. Bawa linapokaribia kikomo, hewa iliyovurugika huitikisa ndege, na usukani huwa mlegevu mkononi. Dalili hizo zipo hata leo, lakini katika ndege nyingine huchelewa kuonekana, na rubani mwenye shughuli nyingi huweza kutozitambua. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mmarekani Leonard Greene alianza kutengeneza vyombo vya kuonya, na mwaka 1946 akaunda kampuni ya kuvitengeneza.

Kimoja cha namna hiyo ni kijibati kidogo kilichowekwa katika ukingo wa mbele wa bawa. Ndege ikienda vizuri, upepo hukikandamiza kijibati hicho chini. Pembe ikizidi, mahali ambapo upepo hugawanyika kwenda juu na chini ya bawa huhamia chini zaidi, na kijibati husukumwa juu. Kikiinuka hufunga mkondo wa umeme, na honi hulia au taa huwaka. Rubani anapokagua ndege ardhini hukiinua kwa kidole ili kuhakikisha kwamba bado kinafanya kazi.

Namna nyingine ni ile ya kitundu na kinanda iliyotajwa mwanzoni. Pembe inapozidi, mkandamizo wa hewa mbele ya kitundu hupungua, hewa huvutwa kupitia kinanda kidogo kilicho karibu na kichwa cha rubani, nacho hulia. Mlio huanza wakati ndege ingali na akiba ya kasi, kiasi cha noti 5 hadi 10 kabla ya mabawa kuishiwa nguvu. Na kadiri hatari inavyokaribia, mlio nao huzidi.

Ndege kubwa zina mabawa yenye bawaba nyingi, na uzito wake hubadilika sana, hivyo kijibati kimoja hakitoshi. Ubavuni mwa pua huwekwa vipimapembe, ambavyo ni vibawa vidogo vinavyozunguka kufuata upepo. Kompyuta husoma pembe hiyo, hutazama jinsi bawaba za mabawa zilivyopangwa, na hukata shauri kama kuna hatari. Ikiwapo, mota yenye uzito uliowekwa pembeni huutikisa usukani kwa nguvu mikononi mwa rubani, kwa kelele ambayo hawezi kuidhania kuwa kitu kingine. Mtikiso huo umechaguliwa makusudi, kwa kuwa unafanana na ule ambao ndege yenyewe hutoa inapochoka. Katika ndege za Airbus, ambazo hazina usukani wa namna hiyo, sauti iliyorekodiwa hutamka kwa Kiingereza jina la hatari hiyo tena na tena, pamoja na mlio kama wa nyenje.

Zipo pia ndege ambazo hazitosheki na kuonya. Tarehe 22 Oktoba 1963, nchini Uingereza, ndege mpya ya BAC One-Eleven ilikuwa ikijaribiwa. Ndege hiyo ilikuwa na injini nyuma, na bawa la mkia lililokaa juu kabisa. Mabawa yalipoishiwa nguvu, hewa iliyovurugika iliufunika mkia wenyewe, hata bawaba za kushusha pua zikakosa upepo wa kufanyia kazi. Ilishuka bila kuokoleka, na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Kwa ndege za umbo hilo, wahandisi waliona kwamba kungoja rubani atende ni kuchelewa. Waliweka mtambo ambao, onyo lisipotiiwa, huusukuma usukani mbele wenyewe.

ONYO LILILOZIMWA

Tarehe 18 Juni 1972 ndege aina ya Trident, ya shirika la BEA la Uingereza, iliruka kutoka uwanja wa Heathrow, London, kwenda Brussels. Ilikuwa imebeba watu 118. Katika ukingo wa mbele wa mabawa ya Trident kulikuwa na bawaba zilizosaidia ndege kubebeka katika mwendo mdogo. Muda mfupi baada ya kuruka, bawaba hizo zilirudishwa mahali pake wakati ndege ilikuwa na kasi ndogo mno, kiasi cha noti 60 chini ya iliyotakiwa.

Mitambo ya kuonya ilifanya kazi yake. Usukani ulitikisika, kisha ukasukumwa mbele. Lakini badala ya kuuacha mtambo uwaokoe, mtu mmoja katika chumba cha marubani aliuzima. Ndege ilipanda pua, ikaishiwa nguvu, ikaanguka karibu na mji wa Staines kabla dakika tatu hazijatimia tangu ilipoondoka. Hakuna aliyesalimika.

Uchunguzi ulionyesha mambo mengi yaliyokutana. Nahodha alikuwa na ugonjwa wa moyo ambao haukujulikana. Marubani hawakuwa wamefunzwa vya kutosha kuitambua hali hiyo. Hapakuwa na kizuizi cha kuzuia bawaba zisirudishwe mapema. Tena mtambo huo ulikuwa na sifa ya kufanya kazi wakati mwingine bila sababu, kwa hiyo baadhi ya marubani hawakuuamini. Siku uliposema kweli, ulinyamazishwa.

ONYO LISILOELEWEKA

Usiku wa tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Airbus A330 ya Air France ilikuwa juu ya Bahari ya Atlantiki, ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris ikiwa na watu 228. Katika kimo cha futi 35,000 iliingia kwenye mawingu yenye chembechembe za barafu. Barafu iliziba mirija ya kupimia kasi, na mtambo wa kuiendesha ndege wenyewe ukajitoa, ukawaachia marubani usukani.

Ndege ilikuwa nzima. Kama pua ingeachwa ilivyokuwa, ingaliendelea na safari mpaka barafu iyeyuke. Lakini rubani aliyeshika usukani aliuvuta nyuma. Ndege ilipanda karibu futi 3,000, ikapoteza kasi, na onyo likaanza kulia. Lililia kwa sekunde 54 mfululizo. Katika maneno yaliyonaswa na kinasa sauti, hakuna rubani aliyelitaja. Mkono uliendelea kuvuta.

Kisha likatokea jambo ambalo wahandisi wengi hawakulitazamia. Pembe ilizidi digrii 40, na kasi iliyopimwa ikashuka chini ya noti 60. Kompyuta iliona vipimo hivyo haviwezekani, ikavikataa, na onyo likanyamaza. Rubani alipojaribu kushusha pua, vipimo vilikubalika tena, na onyo likalia upya. Kwa hiyo alipotenda lililo sawa alikemewa, na alipokosea kulikuwa kimya. Ndege iliipiga bahari dakika nne na sekunde chache tangu mtambo ulipojitoa. Vinasa habari vilipatikana mwaka 2011 katika kina cha mita 3,900 hivi, navyo ndivyo vilivyosimulia yote haya.

ONYO LA UONGO

Msiba wa tatu ulizigusa nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi ikiwa na watu 157. Kati yao, Wakenya walikuwa 32. Mara baada ya kuacha ardhi, kipimapembe cha kushoto kiliharibika, kikaonyesha digrii 74 na zaidi, ilhali cha kulia kilionyesha kiasi cha 15. Usukani wa nahodha ulianza kutikisika, ukionya juu ya hatari ambayo haikuwapo.

Hilo peke yake lingeweza kuvumiliwa. Lakini ndege hiyo ilikuwa na mtambo mwingine uliowekwa kuizuia pua isiinuke mno, nao ulisikiliza kipimapembe kimoja tu. Kwa kuuamini uongo wake, mtambo uliligeuza bawa la mkia na kuisukuma pua chini, tena na tena, huku marubani wakipambana nao. Baada ya dakika sita ndege iliangukia karibu na Bishoftu, na wote wakafa. Miezi michache kabla, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo hiyo ya shirika la Lion Air ilikuwa imetumbukia katika bahari ya Java kwa sababu ya namna hiyo, ikaua watu 189.

Baada ya msiba wa Ethiopia ndege za 737 MAX zilisimamishwa dunia nzima. Zilipokubaliwa kuruka tena nchini Marekani, Novemba 2020, mtambo ulikuwa umebadilishwa: sasa hulinganisha vipimapembe viwili, na vikihitilafiana sana haufanyi kazi. Aidha hausukumi tena na tena kama zamani. Shahidi mmoja hakutosha kuhukumu maisha ya watu.

YALIYOBADILIKA

Mafunzo nayo yamegeuka. Kwa miaka mingi marubani wa ndege kubwa walifundishwa kutoka katika hatari hii huku wakijitahidi wasipoteze kimo. Mazoea hayo yaliufanya mkono uogope kushusha pua. Tarehe 12 Februari 2009, karibu na Buffalo nchini Marekani, ndege ya abiria ilianguka baada ya nahodha kuvuta usukani wakati ulipokuwa ukitikisika, hata akashindana na mtambo ulioujaribu kuusukuma mbele. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Mwaka 2012 wakuu wa safari za anga wa Marekani walitoa mwongozo uliotilia mkazo kwamba la kwanza ni kupunguza pembe. Kimo kitatafutwa baadaye. Mwaka uliofuata ilitolewa kanuni ya kuwataka marubani wa mashirika wazoezwe katika mashine za kuigiza mpaka hali ya bawa kuishiwa nguvu kabisa, wala si kuishia kwenye onyo tu.

Rubani mwanagenzi wa ndege ndogo huanza zoezi hilo mapema. Mwalimu humpandisha juu sana, kisha humwamuru apunguze nguvu za injini na kuinua pua polepole. Kinanda huanza kulia. Ndege hutetemeka, kisha pua huanguka. Mara ya kwanza wengi hushtuka na kuvuta. Mwalimu huwarudisha tena na tena, mpaka mkono ujifunze kusukuma mbele pasipo kungoja amri.

Askari aliyepata kushika zamu usiku hahitaji maelezo marefu kuhusu jambo hili. Mlinzi anayepiga kelele kila usiku bila adui, kikosi huacha kumwamka. Mlinzi asemaye kweli kwa neno ambalo wenzake hawalijui, hakuokoa mtu. Na mlinzi aliyeona, akasema, akaeleweka, lakini akaambiwa anyamaze, hana la kufanya tena. Ndiyo sababu, kabla ya kumbeba mtu yeyote, rubani mwangalifu hainami mbele ya bawa kwa haraka. Huinama, huvuta hewa kupitia leso yake, na husikiliza.